Historia ya Sanaa Niliyoianza kwa Tarehe, Nikairudia kwa Ibada

Nilikuwa na umri wa miaka 38 nilipoamua kurudi darasani kusoma sanaa. Ninaandika haya kwa ajili ya mafundi wenzangu na vijana wanaofikiria kufanya hivyo, kwa sababu makosa niliyoyafanya yalinigharimu fedha, muda na usingizi, na mengi kati yake yangeepukika kama ningepata mtu wa kunielekeza mapema mahali pa kuanzia.

Mimi ni mchongaji. Nilifundishwa na marehemu baba yangu kule Newala, nikaja Bagamoyo nikiwa kijana na patasi sita zilizofungwa kwenye kitambaa. Mwanzoni nilichonga vinyago vya mpingo, kisha soko lilipopungua nikahamia kwenye milango ya nakshi, kazi ambayo nilijifunza kwa mafundi wa hapa pwani kwa kukaa nao na kuwashikia mbao. Kwa miaka mingi nilichonga maua, minyororo na mawimbi kwa kufuata vielelezo vya karatasi. Wageni waliponiuliza maana ya alama hizo, niliwajibu nilichosikia wengine wakijibu: kwamba mnyororo ni ishara ya utumwa, kwamba samaki ni mvuvi. Siku moja mama mmoja mtu mzima aliniuliza kwa upole ni fundi gani aliyenifundisha maana hizo, nikagundua kwamba hakuna hata mmoja. Mafundi walionifundisha nakshi walinifundisha kina cha patasi, mwelekeo wa nyuzi za mti na namna ya kugawa duara. Maana nilizitoa kwa waongoza watalii. Swali lile liliniuma, na ndilo lililonipeleka kwenye kozi ya cheti ya jioni.

Gharama niziseme wazi. Ada ilikuwa shilingi 420,000 kwa mihula miwili, na nakala za vitabu zilinila kama shilingi 65,000 hivi. Kilichouma zaidi hakikuandikwa kwenye stakabadhi yoyote: masomo yalikuwa siku tatu kwa wiki kuanzia saa kumi jioni, saa ambazo fundi ndipo anapomaliza kazi zake, kwa hiyo nililazimika kukataa oda mbili za milango. Nyumba ilisimama kwa vitumbua vya mke wangu kwa karibu miezi minne. Anayetaka kuanza masomo ya namna hii akae kwanza na mwenzake wazungumze juu ya fedha ambazo hazitaingia, maana hizo ndizo zinazoleta maneno ndani ya nyumba.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba historia ni orodha. Nilibandika karatasi kubwa kwenye ukuta wa karakana nikaandika tarehe zaidi ya mia moja, nikawa nazikariri huku nikipiga msasa: bamba la mfalme Narmer wa Misri, takriban mwaka 3100 KK, piramidi kubwa ya Giza, takriban 2560 KK, hekalu la Parthenon kule Athens, lililojengwa kati ya 447 na 432 KK. Nilikuwa na hakika nitafaulu. Swali la mtihani likaja tofauti kabisa na nilivyojiandaa, likitaka tueleze namna dini ilivyoamua sura ya sanaa katika ustaarabu wowote miwili wa kale. Niliandika kurasa tatu za tarehe. Zaidi ya hapo niliandika kwamba wachongaji wa Sumer, ustaarabu wa kale katika nchi ya Iraq ya leo, walikuwa bado hawajajua kuchonga macho, ndiyo maana sanamu zao zina macho makubwa kupita kiasi. Nilipata alama 31 kati ya 100. Jioni ile nilitembea ufukweni hadi kwenye mnada wa samaki, nikasimama pale mpaka giza likaingia, na ilinichukua siku nne kumwambia mke wangu.

Kosa la pili nililifanya wiki chache baadaye, na hilo lilikuwa la mikono. Wazee wa madrasa moja hapa mjini walinipa kazi ya mlango wa mninga. Nilikuwa nimeona vitabuni mchoro wa kale sana wa mti ulio katikati na viumbe wawili wakiuelekea, mmoja huku na mmoja kule, mpangilio ambao mizizi yake ni Mesopotamia, nchi ya kati ya mito ya Tigris na Euphrates, na ambao ulisafiri hadi Uajemi na Bizanti, dola ya Kirumi ya mashariki. Nilitaka kuonyesha kwamba nimesoma. Kwenye kizingiti cha juu nikachonga tausi wawili wakiutazama mti, mikia yao ikishuka hadi kwenye miimo, na manyoya nikayatoa moja moja kwa patasi nyembamba kwa muda wa siku tisa.

Mzee aliyekuja kukagua alipita kiganja chake juu ya manyoya yale taratibu, akanyamaza kitambo.

“Mwanangu,” akasema, “mkono wako Mungu ameubariki, na sisemi hivi kukuvunja moyo. Lakini ndege hawa hawawezi kukaa hapa. Watoto wanaingia humu kusoma maneno ya Mwenyezi Mungu. Wakiinua macho na wakutane na maneno, wasikutane na kiumbe.”

“Nimekosea, mzee. Nitawaondoa leo hii.”

“Usiondoe kitu leo. Nenda kwanza Kaole ukaitazame kibla kwa jicho la fundi, halafu urudi tuzungumze.”

Mimi ni Mkristo Mkatoliki, nasali kwenye kanisa la misheni iliyoanzishwa hapa mwaka 1868, na tangu utotoni nimezoea kupiga goti mbele ya sanamu ya Bikira Maria. Nimeishi na Waislamu miaka yote hii, nikala nao futari na kuzika nao, lakini sikuwahi kujiuliza kwa nini misikiti yao haina hata picha moja, wala kwa nini kanisa letu linazo. Ubao ule na siku zangu tisa vilikuwa na thamani ya kama shilingi 280,000, na sikuweza kumdai mtu. Fundi anayechukua kazi ya nyumba ya ibada, iwe msikiti, kanisa au hekalu la Wahindi, achore kwanza kwenye karatasi, apeleke mchoro kwa wenyewe, na aulize kipi kinaruhusiwa kabla patasi haijagusa mti.

Nilikwenda Kaole asubuhi ya Jumamosi. Magofu yako kama kilomita tano kusini mwa mji, na bodaboda hufika hadi langoni. Nilikuwa nimeshapita pale mara nyingi na wageni, lakini safari hii nilikaa chini mbele ya kibla, yaani tundu la ukutani lenye tao linaloelekea Makka, katika msikiti wa kale ambao mwanzo wake unahesabiwa tangu karne ya 13, nikakaa zaidi ya saa mbili na daftari. Jiwe lake ni la matumbawe. Mafundi wa zamani walilichonga likiwa bado bichi kutoka baharini, kwa sababu wakati huo ni laini, kisha likigongwa na jua na hewa linakauka na kuwa gumu. Kwa hiyo fundi alikuwa akishindana na muda, na kila mkunjo wa tao lile uliamuliwa mapema kichwani mwake. Hakuna jani, hakuna mnyama, hakuna mtu. Kuna kingo zilizonyooka, tao, kivuli ndani ya tao, na mwelekeo. Kutoka pwani yetu Makka iko karibu kaskazini kamili, na jengo zima limegeuzwa kuielekea. Nilikuwa nimetumia maisha yangu kudhani kwamba nakshi ni kitu kinachoongezwa juu ya jengo likishakamilika. Pale Kaole niliona ibada ikiamua kwanza upande wa kuta, kisha unene wake, kisha umbo la tundu moja ukutani, na mwisho kabisa ndipo patasi inaporuhusiwa kusema neno.

Nje ya msikiti kuna makaburi yenye nguzo, na kwenye makaburi ya namna hiyo ya pwani yetu waliokuja kabla yetu walipachika bakuli za kauri kutoka China. Nilizichora nafasi zilizobaki. Bakuli iliyotengenezwa huko mbali kwa ajili ya meza iligeuka kuwa heshima ya marehemu wa Kiswahili, na hakuna tarehe kwenye ukuta wangu ambayo ingeweza kunifundisha hilo.

Nilirudi kwa mzee, tukazungumza kwa muda mrefu kwenye baraza ya nyumba yake, na kutoka siku ile nilibadili namna ya kusoma. Niliing’oa karatasi ya tarehe. Kwa kila kitu nilichokutana nacho kitabuni niliandika kwanza maswali matatu kwenye daftari: kilikuwa na kazi gani, nani alimlisha fundi wakati anakitengeneza, na nani aliruhusiwa kukiona. Tarehe niliandika mwisho, pembeni, na kwa ajabu nilizikumbuka vizuri zaidi kuliko zamani.

Sanamu za Sumer zilikuwa za kwanza kunifunza adabu. Zile za Tell Asmar, katika nchi ya Iraq ya leo, zina karibu miaka 4,700. Zimesimama zimekutanisha mikono kifuani, na macho yao ni makubwa, meupe kwa kombe na meusi kwa jiwe. Ziliwekwa hekaluni na watu ambao wasingeweza kusimama humo siku nzima, ili sanamu isimame mahali pao ikimtazama mungu bila kuchoka. Jicho lile halikukosewa. Ndilo lenye kazi, na fundi alilikuza kwa sababu kutazama ndiyo ibada yenyewe. Nilipoelewa hivyo niliona aibu kwa nilichoandika kwenye mtihani, kwa kuwa nilimdharau fundi mwenzangu bila kumuuliza alikuwa akitengeneza nini.

Misri ilinishika zaidi kuliko nilivyotegemea. Mchongaji wa Misri alikuwa na jina la kazi lenye maana ya mtu anayehuisha, kwa sababu sanamu ya kaburini ilikuwa makao ya nafsi ya marehemu, nayo ilifanyiwa ibada ya kufunguliwa kinywa ili iweze kupumua na kula. Ndiyo sababu walichora miraba ya mistari ukutani kabla ya kuchonga, wakimpa mtu aliyesimama miraba 18 kutoka nyayo hadi mwanzo wa nywele, na wakaishikilia kanuni ya namna hiyo kwa karne nyingi. Wengi huandika kwamba sanaa ya Misri haikubadilika kwa kuwa haikuwa na ubunifu. Mimi kama fundi naona vingine: kitu kinachotakiwa kudumu milele hakifanyiwi majaribio. Farao Akhenaten alipoyaacha mahekalu ya miungu mingi akaabudu diski ya jua peke yake, katikati ya karne ya 14 KK, sura za sanamu zilibadilika naye, zikapata nyuso ndefu na matumbo laini. Baada ya kufa kwake miungu ya zamani ilirudi, na sehemu kubwa ya kanuni ya zamani ikarudi nayo. Sijaona ushahidi ulio wazi zaidi ya huo kwamba imani ikigeuka, patasi hugeuka.

Na kaburi la Tutankhamun, lililofunguliwa mwaka 1922, lilikuwa na vitu zaidi ya 5,000. Barakoa ya dhahabu ina uzito wa takriban kilo 10. Vyote hivyo vilifungiwa gizani ili mtu yeyote asivione tena. Nilifikiria mafundi waliosugua kitu kwa miezi wakijua kwamba hakuna mteja atakayekisifu, nikaacha kazi kwa dakika kadhaa.

Hata hivyo imani peke yake haijengi, na hapo ndipo ustaarabu unapoingia. Mchongaji hawezi kuchonga siku nzima kama hakuna mtu anayelima kwa ajili yake. Kwenye mabonde ya Tigris na Euphrates, na ya Nile, mavuno yalizidi mahitaji, mahekalu na wafalme wakayakusanya, na kutoka kwenye ghala hizo mafundi wakalishwa na mawe ya thamani yakaagizwa kutoka mbali, kwa mfano jiwe la bluu lililotoka milima ya Afghanistan. Hata maandishi ya kwanza ya Mesopotamia yalitokana kwa sehemu kubwa na hesabu za bidhaa. Katika kijiji cha Deir el-Medina waliishi mafundi waliochimba na kupamba makaburi ya mafarao, na walilipwa nafaka. Wakati wa Ramesses III, katika karne ya 12 KK, posho ilipochelewa waliweka zana chini wakaenda kuketi kwenye mahekalu wakidai haki yao, na madai yao yaliandikwa. Nilisoma habari hiyo usiku mmoja nikiwa nadai malipo ya mlango niliokwisha kuukabidhi miezi miwili kabla, na nilihisi watu hao wamekaa nami mezani.

Kuhusu Ugiriki nitasema machache, kwa kuwa vitabu vingi vinaanza na kuishia huko. Vijana wa mawe wa Ugiriki wa karne ya 6 KK wamesimama kama Wamisri, mguu wa kushoto mbele na mikono ubavuni, ila wako uchi na wameachiliwa kutoka kwenye jiwe la mgongoni. Kwa kuwa miungu yao ilikuwa na umbo la binadamu, mwili wa binadamu wenyewe ukawa njia ya kumsema mungu. Sanamu ya mungu wa kike Athena iliyotengenezwa na mchongaji Pheidias kwa ajili ya Parthenon ilikuwa na kimo cha karibu mita 12, ikiwa imefunikwa kwa dhahabu na pembe za ndovu; mtu anayeishi Bagamoyo, mahali ambapo misafara ya karne ya 19 ilitua pembe hizo zikiwa zimebebwa mabegani, hawezi kuisoma sentensi hiyo kwa wepesi.

Jambo la kukataa sura nalo lilinifungukia kidogo kidogo. Wabudha wa mwanzo kule India walimwonyesha Buddha kwa nyayo, kwa gurudumu, kwa kiti kitupu chini ya mti, kabla ya sanamu zake kuenea kutoka Gandhara na Mathura karibu na karne ya 1 BK. Wakristo wa Bizanti waligombana juu ya picha takatifu kwa zaidi ya miaka mia moja, wakazivunja na kuzirudisha, hadi zilipokubaliwa moja kwa moja mwaka 843. Waislamu walipojenga Kuba ya Mwamba kule Yerusalemu, iliyokamilika mwaka 691 au 692, waliweka ndani yake maandishi na mimea na maumbo, na kutokana na njia hiyo wakazaa hati na hesabu za nakshi ambazo zimefika hadi kwenye milango ninayoichonga. Katazo halikuwanyima mafundi kazi. Liliwapeleka kuitafuta mahali pengine.

Sehemu iliyonitoa machozi sikuisoma kitabuni. Katika maandalizi ya mtihani wa marudio, mwalimu alituomba kila mmoja alete mfano wa kwao. Wenzangu walipeleka Kondoa, ambako michoro ya miambani iliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006 na ambako baadhi ya mapango bado yanatumika kwa matambiko. Mimi nilikuwa nimeketi na makaratasi ya Ugiriki. Hapo ndipo nikakumbuka lipiko, kinyago cha jando ambacho baba alichonga kwa mti mwepesi, akabandika nywele za binadamu kwa nta na kuchora chale za usoni. Alikichongea porini, hakukileta nyumbani, na mama yangu hakutakiwa kujua ni nani aliyekivaa. Kilikuwa na kazi, kilikuwa na wenye ruhusa ya kukiona na wasio nayo, kilikuwa na imani iliyoamua kila chale. Nilikuwa nimekaa muhula mzima nikidhani kwamba historia ya sanaa ni mali ya watu wengine, wakati mtu wa kwanza aliyenifundisha maswali yangu matatu alikuwa baba yangu. Vinyago kama vile leo vinasimama kwenye vioo vya makumbusho huko Ulaya, mwanga ukivimulika pande zote, mtu yeyote akipita na kuvitazama.

Nilirudia mtihani nikapata alama 74. Niliandika juu ya Tell Asmar na juu ya kibla ya Kaole, na tarehe zote zilijaa mstari mmoja na nusu.

Kwa yule anayeanza sasa, nashauri asinunue nakala za vitabu vyote kwa wakati mmoja kama nilivyofanya, kwa sababu theluthi moja ya zangu sikuifungua. Wanafunzi watatu wakigawana vitabu na kukutana chini ya mwembe mara moja kwa wiki, kila mmoja akieleza kwa Kiswahili chake kitu kimoja tu, watafika mbali kuliko mmoja anayekariri usiku. Tena achore kwa penseli. Picha ya simu inachukuliwa kwa sekunde moja na kusahauliwa kwa sekunde inayofuata, lakini mkono ukifuata tao la matumbawe kwa nusu saa, jicho linaona mahali fundi alipositasita.

Mlango wa madrasa niliumaliza. Mahali pa tausi palipata kizingiti kipya chenye aya ambayo mzee mwenyewe aliniandikia kwa wino kwenye karatasi ngumu; niliifuata herufi kwa herufi, naye akija kila alasiri kuhakikisha kwamba sijaiacha nukta. Ubao wa tausi umeegemea ukuta wa karakana yangu, palipokuwa na karatasi ya tarehe. Jumamosi ninakwenda Kaole na vijana wanne wanaojifunza kwangu. Tunatoka mapema, kabla ya saa moja na nusu asubuhi, kwa kuwa wakati huo jua bado liko chini na linapita kwenye jiwe kwa ubavu, na alama za zana zilizofutika mchana kutwa zinaonekana.